Macho Yale Yana Mwenyewe

Mwanangu Kabula,

Asubuhi uliniamkia huku unatazama simu, nami nikakuitikia huku natazama ukuta, kwa hiyo salamu tumeshamalizana.

Nakuandikia nikiwa saluni. Leo sina bibi harusi wa kupamba, na wewe umeenda mjini kununua begi la safari. Ukirudi hutatukuta, mimi wala bibi yako. Jioni hii tunapanda gari la Sengerema, tutalala kwa mjomba wako Masanja, na kesho asubuhi tuwe kijijini. Barua hii nitaiacha juu ya mto wako. Naandika kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Kila nikianza unasema, "Mama, nimeelewa," na mtu anayeelewa kabla sentensi haijaisha huyo hajaelewa kitu.

Najua mzazi wa mtu anayesafiri kesho hutakiwa kuandika habari za chandarua, na kutunza vyeti, na kuchagua marafiki. Hayo shangazi yako ameshakuambia, na mengine utafundishwa na njaa. Mimi nina hasira. Nataka uondoke nayo ikiwa nzima, isije ikakufikia huko Dar vipande vipande kwa midomo ya watu.

Uliposema unataka kusomea filamu, baba yako alicheka, na alipoona wewe hucheki akanuna. Yeye alishakuona mwalimu, unashika chaki. "Filamu ni kipaji, siyo shule," akasema. "Anayetaka kuigiza aigize hapa hapa uani." Nani alikutetea? Nilimwambia kama mimi nilisomea kupamba maharusi na watu wakanicheka, na leo wanaocheka ndio wanaoniletea mabinti zao, basi mwanangu naye anaweza kusomea kutengeneza picha. Alininunia karibu mwezi mzima. Dirisha la udahili lilipofunguliwa tulikaa wote wawili hapa saluni, mtandao unakatika, unarudi, unakatika tena, wewe unalia na mimi nakwambia jaribu mara nyingine. Chuo kilitaka barua ya kueleza kwa nini umechagua fani hiyo, pamoja na filamu fupi uliyoitengeneza mwenyewe. Barua ulinisomea, nikasema ni nzuri. Filamu hukunionyesha. Ulisema, "Itakuwa sapraizi, Mama."

Uliniomba poda na wanja, ukasema unakwenda ng'ambo ya ziwa, Sengerema, kumrekodi bibi. Nikakupa bila kuuliza. Nilifurahi tu kwamba mjukuu anakwenda kumwona bibi yake bila kusukumwa.

Sikukuambia nilivyoiona hiyo filamu, kwa hiyo nakuambia sasa. Nilikuwa nampamba mama mmoja ambaye binti yake alikuwa na sendoff siku hiyo. Nilishampaka nusu ya uso. Yeye anachezea simu kama wateja wote, mara akaanza kucheka, akaniambia, "Mama Kabula, hebu njoo umwone huyu bibi wa huko Sengerema. Wanasema anakula watu. Cheki macho hayo." Nikainama kutazama. Nikamwona mama yangu.

Kilikuwa kile kipande cha mwisho, pale anapogeuka na macho yanajaa kioo kizima. Jina lako halikuwepo, jina la filamu halikuwepo, hakuna aliyesema hiki ni kitu cha kutunga. Mtu alikikata kwenye filamu yako, kikazunguka kwenye magrupu hadi kikafika hapa Buhongwa, kwenye kiti changu mwenyewe. Nilimaliza kumpaka yule mama nusu iliyobaki. Wanja ulikwenda kombo, akaniuliza vipi, nikasema ni feni. Sikumwambia kwamba yule ni mama yangu. Nimeona aibu kwa hilo kila siku tangu hapo, na aibu hiyo nayo nimeiweka kwenye hesabu yako.

Jioni nilipokuuliza ulisema maneno ambayo naweza kuyarudia bila kukosea. "Mama, ni filamu tu. Na mimi niliitengeneza kuwatetea hao bibi. Watu wa kijijini hawaelewi sanaa."

Nikaenda kupika. Jibu nakupa leo.

Naanzia kwenye macho. Yale macho unajua yalikuwaje mekundu? Mama yangu amekausha samaki kwa moshi tangu kabla sijazaliwa. Wavuvi wanafika ufukweni, yeye anachukua sangara na sato, anawapanga juu ya chanja, anakaa pembeni kuulinda moto usilipuke, siku nzima, masika na kiangazi. Moshi ule ndio ulionilisha, ukanivalisha, ukanileta Mwanza kujifunza kazi. Usiku alikuwa akiosha macho kwa maji ya uvuguvugu, na mimi nikimshikia bakuli. Kwangu mimi macho mekundu ni rangi ya mama anayefanya kazi. Nilikuwa nimeshaanza shule nilipojua kwamba kuna watu wanayatazama hayo hayo wakaona uchawi.

Na namna nilivyojua ni hii, ambayo sijawahi kukusimulia. Jirani nasi alikuwepo mama mmoja mjane, tulimwita Bibi Ngolo. Kuni kwake zilikuwa mbali, akawa anapikia mavi ya ng'ombe makavu, na moshi wake unawasha kuliko wa kuni. Macho yake yalikuwa kama ya bibi yako. Sisi watoto tulikuwa tunakwenda kwake kula karanga. Mwaka mmoja mtoto wa nyumba ya pili alishikwa na homa akafa, maneno yakaanza, na kwetu maneno yakishaanza kila mtu anasema lisemwalo lipo. Tukakatazwa kwenda kwa Bibi Ngolo. Mimi nilitii. Nilikutana naye kisimani akaniita jina langu nikakimbia na ndoo tupu. Haikupita muda, asubuhi moja mlango wake ulikuwa wazi na kuku wake wanazurura barabarani, na watu wazima wakatuambia tupite njia nyingine kwenda shule. Hakuna aliyetueleza, na sisi hatukuuliza. Msimu uliofuata pale palipokuwa na nyumba yake palilimwa mahindi.

Nilikaa na hiyo habari moyoni. Nilitaka ukue mtoto wa mjini, ujue Mwanza ya samaki wa kukaanga na mawe ya kupigia picha, mambo mengine yabaki ng'ambo huko. Baba yako aliwahi kuniambia nikusimulie, nikakataa, nikasema nisimtie mtoto hofu kwa bibi yake. Sasa naona nilichofanya. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na wewe ulimwengu wako ulikuwa simu. Ukayasoma humo mambo ya vikongwe na macho mekundu, ukaona ni mada nzuri, ukamkumbuka bibi yako kama mtu anavyokumbuka kwamba nyumbani kuna jembe la kuazima. Kwa hilo nimejikasirikia mwenyewe, na siombi unipunguzie. Lakini hasira yangu kwako haipungui kwa sababu nina nyingine kwangu. Zinatosha zote mbili.

Maana kuna kitu ambacho simu haikukufundisha, ulikifanya kwa akili yako. Bibi yako alinisimulia ile siku kwa furaha kabisa, kabla mambo hayajaharibika. Ulimwambia chuo kinataka picha yake. Akaenda kuoga, akajifunga kile kitenge chake cha jumuiya, akavaa rozari. Ukamwambia, "Bibi, hicho kinang'aa sana, vaa lile gauni la kupikia." Akavaa. Ukamwambia avue na rozari. Akavua. Ukamkalisha jikoni, ukatia majani mabichi motoni ili moshi uwe mwingi. Alipotaka kufikicha macho ukamwambia asifikiche, avumilie kidogo. Wanja wangu ukauweka chini ya macho yake ili yaonekane yamezama.

Alivumilia, Kabula. Alidhani anakusaidia kuingia chuo. Kweli alikusaidia.

Usidhani nasema filamu ni mbovu. Ingekuwa mbovu ningecheka na tungesahau. Nimeitazama yote, siyo kile kipande tu, mara nyingi kuliko unavyofikiri. Yule msichana anavyotoka mjini na kuingia uani bila kubisha, zile sauti za majirani nyuma ya ukuta, ule ukimya. Nilisisimka. Watu wa usaili walikuambia una jicho, na wamesema kweli. Ila hakuna hata mmoja kati yao aliyekuuliza huyu bibi ni nani na anaishi wapi, na je, amekubali? Nimewakasirikia na wao, wasomi wazima. Walisifu uso wakasahau kwamba uso una mwenyewe.

Mimi hilo la uso nilijifunza kwa kupigwa na kazi, acha nikuambie maana huko uendako ndiyo kazi utakayofanya. Mwanzoni kabisa mwa saluni hii alikuja bibi harusi ana kovu la moto shavuni, kubwa. Sikumuuliza kitu. Nilijiona fundi. Nikalipaka, nikaliziba, nikaweka na mng'ao, likapotea kabisa. Nikamgeuza kwenye kioo nikisubiri anishukuru. Akajigusa shavu, akasema, "Dada, umenifuta." Kumbe moto ule aliupata akimtoa mdogo wake ndani ya nyumba inayoungua, na mdogo mwenyewe ndiye alikuwa matroni wake wa harusi, amekaa pale kwenye benchi. Nilibisha. Nilimwambia atapendeza kwenye picha, atanishukuru baadaye. Akachukua kitambaa akajifuta mwenyewe, akaenda kanisani na kovu lake. Ilinichukua muda kukubali kwamba yeye ndiye alikuwa sahihi, kwa sababu mimi ni mbishi, na wewe umenirithi. Tangu hapo simpaki mtu kabla sijamuuliza, "Unataka kuonekana nani leo?" Wateja wananiona wa ajabu. Wengine wanasema, "Si unipake tu." Nauliza hivyo hivyo.

Basi tuje kwa bibi yako, maana umekuwa unapita mbali naye humu ndani kama mtu anayedaiwa.

Kijijini walianza kwa kuacha kununua samaki wake. Yeye akadhani ni ushindani. Halafu mtoto wa jirani akaugua, kama watoto wanavyougua. Halafu mawe juu ya bati usiku. Mjomba wako akanipigia, nikaenda siku hiyo hiyo nikamleta hapa kwa ujanja, nikamdanganya kwamba anakuja kupimwa macho hospitali. Unajua nililomkuta nalo? Alikuwa amekaa mlangoni na panga la kukatia majani ya ng'ombe limelala mapajani. Mama yangu huyo, ambaye kuku akichinjwa anageuka upande.

Wiki iliyopita, wewe ulipokuwa kwa marafiki zako mnaagana, aliniita. Akaniuliza, "Mwanawane, Kabula alinipiga picha nikiwa nani?"

Nikamwambia sijaelewa.

"Umeelewa. Watu wananiogopa kwa sababu ya ile picha. Nilikuwa nani mle ndani?"

Sikuwa na uwezo wa kumdanganya mara ya pili. Nikamwonyesha kwenye simu, mwanzo hadi mwisho. Ilipoisha akaomba arudie, akatazama tena kwa karibu, simu imegusa pua. Halafu akasema, "Yule siyo mimi. Lakini macho ni yangu, nitabisha vipi?" Nikalia mimi. Yeye hakulia. Akasema nimrudishe kwake. Nikamwambia Mama, kaa hapa, mjini hakuna wa kukugusa. Akasema, "Nikikaa hapa wataona nimekimbia, na aliyekimbia kwetu ndiye mwenye kosa. Nikafie mjini na jina hilo? Nirudishe."

Ndiyo sababu ya mkutano. Mjomba wako amezunguka kwa mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti amekubali kuwaita watu kesho saa nne, pale uwanja wa shule. Polisi kata ameahidi kuja, katekista naye atakuja. Watu wataambiwa kwamba ile picha ilitungwa, kwamba moshi ule uliwekwa, kwamba yule mama alivalishwa na kuambiwa akae vile. Katekista aliniambia jambo moja tu: "Mama, mimi nikisema hawataamini, watasema Kanisa linamficha. Aseme aliyeipiga."

Nikaja kwako Jumatano. Sikukugombeza, nilikaa kitandani kwako nikakuomba kama mtu anavyomwomba mtu. Nikakuambia chuo kinafunguliwa wiki ijayo, basi lipo kila siku ya Mungu, ahirisha siku mbili twende wote tusimame na bibi. Ukajibu, "Mama, tikiti nimeshakata, nasafiri na wenzangu." Halafu ukasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nikienda pale watanifanya nini?"

Watakufanya nini wewe. Na bibi yako wakati huo yuko sebuleni, ukuta mmoja tu kati yenu, na masikio yake hayana tatizo lolote.

Najua unaogopa. Hofu haikunikasirisha, mimi mwenyewe naogopa tangu Jumatano. Kilichonikasirisha ni kwamba ulipokuwa unafanya filamu hukuogopa. Uliingia pale kijijini na simu yako, ukatumia moshi wao, ukuta wao, sauti zao, ukatoka. Ulikuwa jasiri wakati kitu kinakufaa. Ulisema unawatetea vikongwe. Haya, kikongwe wa kumtetea ana jina, anaitwa Milembe, ni mama yangu, na kesho saa nne anahitaji mtetezi. Ulitaka watu wamtazame. Wanamtazama sasa.

Sikulazimishi. Mtu aliyeburutwa hasemi ukweli, anasema alichofundishwa njiani, na watu wale si wajinga, watajua. Tikiti yako iko pale pale kabatini sijaigusa. Ada imeshakwenda, na hata kama ningeweza kuirudisha nisingeirudisha, kwa sababu nataka usome. Nataka usome hadi ujue ulichokifanya kuliko hata mimi ninavyokijua. Baba yako atakupeleka stendi ya Nyegezi kwa basi la saa kumi na mbili alfajiri, nimemwambia asikununie njiani. Shangazi atakufungia chapati. Hakuna atakayekuzuia, na ukifika piga simu, nitapokea, mimi bado ni mama yako na hasira haijawahi kunizuia kupokea simu.

Ila ujue kwamba magari ya Sengerema yanapita hapo hapo Buhongwa barabarani, yanaanza kabla basi lako halijatoka stendi. Huhitaji nauli kubwa wala ruhusa ya mtu.

Kesho nitasimama mimi mbele yao, niwaeleze kwamba mama yangu hakufanya lolote ila kukaa pale alipoambiwa na mjukuu wake akae. Nimejaribu kuyapanga maneno hapa saluni mbele ya kioo, hayapangiki. Bibi yako atakuwa amekaa mbele, watu wote wanamtazama machoni, na yeye amekataa kuvaa miwani nyeusi niliyomnunulia. Na najua swali la kwanza litakalotoka, kwa sababu hata mimi ningekuwa kwao ndilo ningeuliza: aliyekitengeneza kitu hiki yuko wapi? Sitadanganya kwa ajili yako, Kabula. Nitawaambia yuko kwenye basi.

Mama yako.